Zamu ya Kushika Mimba

Yeongyang, 4 Oktoba 1992

Mdogo wangu Malsuk,

Hapa hatujambo, mgongo wa shemeji yako tu ndio unaoamka kabla yetu. Pilipili tulizianua juzi kabla ya mvua, gunia kumi na moja. Chumba cha nyuma kimejaa mpaka wapita njia wanapiga chafya. Jirani yetu wa paa la bluu kang'olewa jino la mwisho la mbele, sasa haoni raha kucheka, nasi tunapumzika kidogo.

Simu ipo, najua. Lakini nikikupigia umelala au uko wodini, na shemeji yako hukaa karibu na simu kama anailinda isiibiwe. Hili si la kusikiwa na mwanamume.

Mwanangu Gyeongnan, huyo nesi wako, yuko mwaka wa tatu wa ndoa. Siku ya sikukuu ya mavuno mama mkwe wake alimpakulia chakula mbele ya mawifi, akamwambia, "Kula, mwanangu. Chakula cha mtu mmoja tu, kama kawaida." Wote wakacheka, naye akacheka nao. Kesho yake alikuja hapa akanisimulia huku akiosha vyombo, mgongo kanipa.

Nikamuuliza, "Kwani mna tatizo gani?"

Akasema, "Hatuna tatizo, mama. Zamu yangu haijafika."

Nilidhani ananitania. Ndipo akaniambia kuna karatasi kwenye droo ya meza yako, imeandikwa majina ya manesi walioolewa, na kila mmoja ana miezi yake ya kushika mimba. Malsuk, mimi nimelea kuku, ng'ombe na wewe. Hata ng'ombe sijawahi kumpangia mwezi.

Wewe ndiye nesi mkuu wa wodi. Karatasi unaiandika kwa mkono wako. Mweke mwanangu wa kwanza. Sijakuomba kitu tangu siku niliyokufungia mzigo wako ukaenda shule ya unesi.

Dada yako,
Bunrye


Busan, 1 Novemba 1992

Dada,

Nashukuru kwa salamu. Mimi mzima. Pole kwa mgongo wa shemeji. Alale kwenye sakafu yenye joto na asibebe magunia. Nimechelewa kujibu kwa sababu kuanzia tarehe 20 hadi 30 ya kila mwezi napanga zamu za mwezi unaofuata, na siku hizo siandiki kitu kingine isipokuwa shajara yangu.

Nitakueleza jinsi ilivyo, maana inaonekana Gyeongnan amekueleza nusu. Wodi yangu ni ya upasuaji, ghorofa ya saba, vitanda arobaini na sita. Nina manesi kumi na sita. Asubuhi nahitaji watano, jioni wanne, usiku wawili. Waliobaki ndio walio mapumzikoni, na hao wakishatolewa hakuna mtu wa ziada. Nesi akijifungua anapewa siku sitini, na hospitali haileti mtu wa kushika nafasi yake. Tunagawana sisi wenyewe. Wakijifungua wawili kwa pamoja, usiku atabaki mmoja. Mwaka 1988 alibaki mmoja. Alikuwa chumba cha mwisho akibadilisha dripu, na chumba cha kwanza mgonjwa akavuja damu mpaka ikafika mlangoni. Mtoto wa kiume wa mgonjwa huyo ndiye aliyeikanyaga asubuhi alipomletea uji.

Tangu hapo iko karatasi. Walioolewa ni wanne. Kila mmoja ana miezi sita. Asiposhika katika miezi yake, anarudi mwisho wa foleni. Kubadilishana kunaruhusiwa, wakikubaliana wenyewe na kuniletea majina mapema. Anayeshika nje ya zamu yake anawaomba radhi wenzake, na zamu zake hazipunguzwi.

Gyeongnan alikuwa wa pili, miezi yake ianze Januari. Baada ya barua yako nimemweka wa tatu. Nesi Bang ndiye wa Januari mpaka Juni, Gyeongnan aanze Julai. Watu wanajua ni mtoto wa dada yangu. Wodini ananiita Sista kama wengine wote, na neno mama mdogo halijawahi kumtoka mle ndani. Ningependa liendelee kutomtoka.

Malsuk


Yeongyang, 29 Novemba 1992

Mdogo wangu,

Tumemaliza kuweka kimchi ya majira ya baridi, kabichi mia moja na ishirini za kuchachusha kwa chumvi na pilipili. Vidole vyangu vinawaka pilipili hata nikishika barafu. Mtungi wako nimeuzika pamoja na wetu upande wa kaskazini wa nyumba, mwezi ujao nitautuma kwa basi.

Nimekuomba umpandishe, umemshusha. Nimekusikia. Shemeji yako aliniuliza mbona nakata figili kana kwamba zimenitukana.

Neno moja tu. Majira ya baridi ya mwaka 1975 ulikuja hapa bila kuaga kazini, ukalala chumba cha nyuma siku tisa. Nilikupikia supu ya mwani asubuhi na jioni, kama anavyopikiwa mzazi, na hakukuwa na mtoto. Sikukuuliza kitu. Mpaka leo sijakuuliza. Nilidhani mtu aliyelala chumba kile angekuwa na moyo mwingine.

Gyeongnan anasema ni sawa, Julai si mbali. Yeye ni mpole, si kama mimi.

Bunrye


Busan, 10 Januari 1993

Dada,

Mtungi wa kimchi umefika salama, haukuvuja. Nimewagawia majirani wawili. Ina chumvi kuliko ya mwaka jana.

Mafua yameingia wodini. Manesi watatu wamelala kwa zamu, na kila aliyelala nimempangia siku za kulipa. Kwa sababu hiyo Gyeongnan hatakuja kwenu siku ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Atafanya kazi siku zote tatu za sikukuu. Nimempanga yeye kwa sababu hana mtoto, na wenye watoto wanataka kuwavalisha nguo mpya. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka.

Mwambie shemeji nitainama kwa ajili ya wazazi wetu nikiwa huku huku.

Malsuk


Yeongyang, 14 Februari 1993

Mdogo wangu, mama mdogo wa mwanangu,

Leo usinikasirikie, kwa sababu mimi mwenyewe sina hasira na mtu. Mbegu za pilipili tumezisia jana ndani ya kibanda cha nailoni, shemeji yako kalala humo humo na jiko la makaa ili zisipigwe na baridi. Namwambia, "Mimi miaka thelathini hujanilinda hivyo." Ananijibu, "Wewe huoti ukipigwa na baridi."

Sasa sikiliza ndoto yangu. Niliota niko shambani, theluji imefika magotini. Katikati ya theluji kuna mche mmoja wa pilipili, kijani kibichi, na umezaa pilipili moja tu, nyekundu, ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nikaichuma. Ilikuwa na joto, Malsuk! Nikaifunga kwenye upindo wa sketi yangu, nikatembea nayo mpaka nyumbani, na nilipofungua macho bado nimeushika upindo.

Sijasema neno. Kuna mtu kaniapisha nisimwambie yeyote, na mimi sijamwambia yeyote. Nimesimulia ndoto tu, na mtu haapishwi kwa ndoto zake. Mama yetu aliota nguruwe wawili ndipo ukaja wewe, kwa hiyo huhitaji kufundishwa.

Kuna mtu pia hawezi tena harufu ya kimchi, anaomba ndimu kwa simu kama kasuku.

Kwa basi la kesho nakutumia mwani wa mzazi. Ni mrefu, nimeufunga kwa uzi wangu mwekundu kama mizigo yangu yote, haujakatwa wala haujakunjwa, na muuzaji aliponitajia bei sikubishana naye hata kidogo, unajua mwani wa mzazi kuubishania bei ni mwiko. Umtunzie. Usiukunje hata kama kabati lako ni fupi. Ukikunjwa, uzazi unakuwa mgumu.

Karatasi ni karatasi. Likishakuwapo jambo la damu yetu, karatasi itafanya nini? Mpunguzie za usiku bila watu kujua. Najua utaweza. Wewe tangu mtoto unaweza kuficha kitu.

Dada yako mwenye furaha,
Bunrye


Busan, 7 Machi 1993

Dada,

Mwani umefika. Umesimama nyuma ya mlango wa stoo ya wodi, kwa sababu hauingii kabatini. Sikuukunja.

Ndoto ni nzuri.

Zamu za Machi zimekuwa ngumu. Mmoja amevunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za kituo cha basi. Nimempa Gyeongnan zamu za usiku, saba mfululizo kuanzia tarehe 23, baada ya tano alizomaliza wiki hii. Afya yake haina neno. Shemeji asilale na jiko la makaa ndani ya nailoni bila kufungua upande mmoja. Moshi wake unaua watu kila mwaka na tunawapokea hapa.

Malsuk


Yeongyang, 18 Aprili 1993

Malsuk,

Sina salamu.

Mwanangu yuko chumba cha nyuma, kwenye kitanda kile kile ulicholalia wewe. Alifika wiki mbili zilizopita. Juzi ndipo alipoanza kusema, na nitakuandikia kama alivyosema, ili usije ukaniambia amenieleza nusu.

Tarehe 22 Februari, wakati wa kukabidhiana zamu, uliwasimamisha wa asubuhi na wa jioni pamoja. Ukasema, "Gyeongnan ana neno." Yeye mwenyewe hakujua ana neno gani. Ukamwambia, "Una mimba. Mwombe radhi mwenzako, miezi hii ni yake." Mwanangu akainama mpaka kiunoni mbele ya Nesi Bang. Bang akasema, "Usijali, mwenzangu. Wengine hupanda basi bila tiketi na wanafika vile vile." Wakacheka. Gyeongnan anasema wewe hukucheka. Anakusifu kwa hilo. Anakusifu, Malsuk!

Usiku wa sita wa zile zamu saba za Machi, saa kumi kasoro dakika chache, damu ikaanza kumtoka. Walikuwa wawili, mwenzake yuko na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Akakupigia simu nyumbani. Akakuambia, "Mama mdogo, tumbo linaniuma, natoka damu." Nawe ukamjibu, "Uko kazini. Niite Sista." Akasema, "Sista, natoka damu." Ukasema, "Wa asubuhi wanafika saa moja. Keti panapowezekana."

Hakupata pa kuketi. Kengele zililia, akaziitika. Alikunja taulo akajifunga, akagawa dawa za alfajiri, akaandika kitabu cha makabidhiano kwa mwandiko mzuri. Saa moja na robo akaingia chooni, na huko ndiko yalikoishia. Wiki kumi na mbili.

Nampikia supu ya mwani. Mwani wa vipande, wa dukani. Ule mrefu uko kwako.

Nieleze jambo moja. Nani alikuambia? Mumewe alikuwa hajui. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwomba Bang wabadilishane miezi, na Bang angekubali, maana Januari ilikuwa imepita bila kumletea kitu. Ilibaki wiki moja tu wakutane zamu ya jioni, amweleze. Gyeongnan analala akiuliza nani alimsema. Mimi nafikiri ni Bang mwenyewe, alimwona akitapika. Au mfagizi. Sijui.

Ameandika barua ya kuacha kazi. Iko mezani, haijatumwa.

Bunrye


Busan, 22 Aprili 1993

Dada,

Pole. Barua yako imefika leo saa nne, najibu leo.

Uliyoandika yote ni sahihi, isipokuwa saa ya simu. Kwa shajara yangu alipiga saa kumi na dakika kumi. Wagonjwa walikuwa arobaini na sita, wanne wakiwa wametoka kupasuliwa siku hiyo. Wanne kati ya watano wa asubuhi walikuwa wametoka zamu ya jioni saa tano usiku na walihitajika saa moja. Aliye karibu zaidi anakaa mwendo wa saa moja na nusu kutoka hospitali, na mabasi yalikuwa bado hayajaanza. Mimi nilifika saa kumi na mbili na nusu, nikashika vyumba vya upande wa mashariki. Gyeongnan hakuniona kwa sababu alikuwa upande wa magharibi. Hakuna mgonjwa aliyekufa.

Wewe unaona 1975 ingenipa moyo mwingine. Mimi mwaka ule sikumpigia mtu simu. Nilimaliza zamu.

Unauliza nani aliniambia. Barua zako naziweka kwa tarehe. Ninayo ya tarehe 14 Februari, yenye theluji na pilipili yenye joto. Ilinifikia tarehe 17. Nilisubiri siku nne waniletee majina ya kubadilishana. Hawakuleta, na mimi nilikuwa nimeshajua. Nikishajua siwezi kupanga zamu kama mtu asiyejua. Ungenyamaza wiki mbili, Bang angekuja na Gyeongnan mlangoni kwangu, ningefuta jina moja na kuandika jingine, na mwanao angelala nyumbani usiku ule.

Gyeongnan ameniuliza mara mbili nani aliniambia. Sijamjibu.

Sasa la pili. Bang ameshika mimba, katika miezi yake. Kuanzia Mei namtoa zamu za usiku, kama karatasi inavyosema. Aliyevunjika mguu hajarudi. Nikimpoteza na Gyeongnan nitabaki na kumi na tatu wa usiku, na Mei haipangiki. Nimejaribu mara nne, kwa penseli. Namhitaji wodini Jumatatu tarehe 3 Mei, zamu ya usiku. Barua yake ya kuacha kazi usiitume.

Kwa kuwa alishika nje ya zamu, ameenda mwisho wa foleni. Miezi yake itakuwa ya mwaka 1995. Hiyo haina uhusiano na undugu.

Akiniuliza mara ya tatu nitahitaji jibu. Niambie wewe ni jibu gani.

Malsuk


Yeongyang, 28 Aprili 1993

Malsuk,

Atapanda basi Jumapili saa tatu.

Nimemwambia ni Bang. Nimemwambia Bang alimwona akitapika kwenye sinki la vyombo, akaja kukuambia, na wewe umenithibitishia kwa barua. Ameamini. Akaanza kukunja nguo zake. Akaniuliza, "Mama, unafikiri Sista atanikasirikia kwa siku nilizokosa?" Nikasema hapana. Akasema, "Bora uliniambia wewe. Ningeweza kumshuku mtu asiye na kosa."

Barua ya kuacha kazi nimeitia jikoni motoni, yeye akiwa kisimani.

Miche iko tayari. Shemeji yako anaihamishia shambani peke yake, mimi siwezi kuinama siku hizi.

Mweke zamu ya asubuhi wiki ya kwanza tu, kama inawezekana. Na ile barua ya Februari, ichome. Sikuombi kama dada. Nakuomba tu.

Bunrye


Busan, 9 Mei 1993

Dada,

Gyeongnan alifika Jumapili jioni, na Jumatatu aliingia kazini kwa wakati. Zamu ya asubuhi haikuwezekana. Ana usiku tarehe 3 hadi 9, mapumziko siku mbili, kisha usiku tena mpaka tarehe 15. Anafanya kazi vizuri. Mwandiko wake haujabadilika.

Hasemi na Bang. Bang akiingia chumba, yeye anatoka. Makabidhiano yao yanafanywa kwa karatasi, na mambo mawili tayari yamesahaulika, moja la dawa ya moyo. Imenibidi nisiwapange katika zamu zinazofuatana, na hilo linanifungia nafasi tisa kila mwezi. Dada, ungemsingizia mtu wa wodi nyingine.

Ule mwani haufai kukaa mpaka 1995. Nesi wa wodi hii akishika mimba kwa zamu yake tunampa zawadi, na mwaka huu tulikuwa hatujanunua kitu. Leo nilimtuma Gyeongnan stoo akauchukue. Aliutambua kwa ule uzi wako mwekundu. Akaubeba kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akapita nao korido nzima bila kuukunja, akamkabidhi Bang. Bang akamwambia asante. Yeye akainama.

Usiku huu, kabla ya kuanza zamu, alisimama mlangoni pa ofisi yangu akaniuliza, "Sista, ule mwani mama alikutumia lini?"

Nikamwambia tarehe kamili, 15 Februari, siku moja baada ya barua yako. Mimi tarehe sizikosei.

Barua yako sijaichoma. Ameomba kuisoma, nimemwambia asubuhi, akimaliza zamu.

Malsuk